Fimbo ya Gofu Iliyonyooshwa Tukiwa Misani

Tulikuwepo wanne. Mimi mwenyewe. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, yule anayecheza gofu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, mhunzi wa Isingiro. Na jirani yangu wa upande wa machweo, mke wa mfugaji, ambaye ndiye mama wa ubatizo wa huyo mjukuu. Ng'ombe siwahesabu, ingawa mmoja alitaka kuvunjika mguu kwa ajili yetu. Majina ya wote ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya babu zao, hata la yule ng'ombe ninalo. Mjukuu ameniomba nisiyaandike. Nimekubali kwa shingo upande, maana kusimulia watu bila majina ni kama kupika ndizi bila kuzimenya.

Ilikuwa hapa kijijini kwangu Ndama, mwaka huu, mvua zilipokuwa zinanukia lakini bado hazijashuka. Shemeji alikuwa amekuja na vyuma vyake, kama afanyavyo kila mwaka kabla ya kulima, kukaza majembe yangu na kunoa mihoro ya kukatia migomba. Alikuwa amewasha mkaa wake pale nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa naanika maharage.

Pikipiki ikaingia uani, na mjukuu akashuka akiwa na mfuko mrefu mgongoni. Mawe, mama yangu! Nilishtuka mpaka maharage yakanimwagika. Nilidhani ni bunduki. Huyu mtoto alikwenda mjini kufanya kazi ya kuosha vyombo kwenye klabu ya gofu, tukasikia amejifunza mchezo, tukasikia tena anafundisha watoto wa wenye klabu, na kila habari nilipoipokea nilisema haya, Mungu mkubwa. Lakini bunduki?

"Shikamoo Kaaka," akasema, maana wajukuu huniita Kaaka, ndivyo bibi anavyoitwa kwetu.

"Marahaba. Weka chini hicho kitu kwanza, ndipo unikumbatie."

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na fimbo mbili za chuma, moja fupi, moja ndefu inayonifika kifuani, na mipira midogo myeupe kama mayai ya kanga. Zote mbili, akasema, ni fimbo za kumalizia. Kwenye gofu mpira unaupiga mbali kwa fimbo nyingine, halafu ukishafika karibu na shimo unachukua hii, unausukuma taratibu mpaka uingie.

"Sasa umalizie nini hapa kwangu?" nikamwuliza.

Akaanza kuirudisha mipira mfukoni mmoja mmoja. Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe aliniambia kesho yake asubuhi, Jumamosi, kwenye malisho ya jirani. Ng'ombe walikuwa wameyala majani pale karibu na birika la kuwanyweshea maji mpaka yakawa mafupi kama nywele za mwanafunzi. Mjukuu aliomba ruhusa kwa mama yake wa ubatizo, akachimba kishimo, akazika humo kopo la mafuta ya kupikia. Akaweka mpira karibu kabisa na shimo. Karibu hata mimi na macho yangu haya ningeuingiza kwa ufagio. Akachukua ile fimbo fupi, akasimama ubavu, bega likielekea shimo, akainama.

Akasukuma. Mkono ukaruka.

Sijui niseme vipi. Uliruka wenyewe, kama ndama aliyeguswa na chuma cha moto. Mpira ukapita shimo, ukaenda mpaka kwenye kinyesi cha ng'ombe. Mkono uleule asubuhi hiyo ulikuwa umenimiminia chai kikombe kikajaa pomoni bila tone kudondoka!

"Umerogwa," jirani akasema.

"Sijarogwa, Mama. Nimekwenda hospitali, wamesema mkono mzima. Ni pale tu mpira unapokuwa karibu na shimo. Wapo wachezaji wengi duniani inawatokea."

Akakaa kwenye majani akatueleza. Jumamosi inayofuata klabu yao ilikuwa inachagua wanawake wa kwenda kuchezea nje ya nchi. Mara iliyopita aliukosa uteuzi kwa mpira kama ule, watu wakacheka mbele yake. Na wazazi wa wale watoto anaowafundisha wakaanza kuuliza, mwalimu gani huyu anayetetemeka? "Nikikosa tena naacha, Kaaka. Mchezo naacha na kufundisha naacha. Nitarudi nilime."

Mtoto wangu kurudi kulima si aibu. Mimi nimelima maisha yangu yote. Lakini alivyolisema, alilisema kama mtu anayetaja kaburi.

Basi akasema amebakiwa na njia moja. Kuna mtindo mwingine wa kumalizia, wazungu wameupa jina la jinsi mwanamke anavyokaa upande juu ya farasi.

"Kama mimi kwenye pikipiki?"

"Hivyo hivyo, Kaaka."

"Mbona wewe umesimama?"

Jirani alicheka mpaka akashika mti. Mjukuu naye akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Akatuonyesha. Huku husimami ubavu. Unalitazama shimo uso kwa uso, kama mtu anayemwita mwenzake. Mpira unakaa nje ya mguu wa kulia. Mkono wa kushoto unashika fimbo juu kabisa, wa kulia unashika chini, na huo wa chini ndio unaosukuma kwenda mbele, kama unavyosukuma mlango. Kwa sababu mkono unakwenda kwa njia nyingine, ile tabia ya kuruka huwa inausahau.

"Kwa nini usiuweke mpira katikati ya miguu, usukume vizuri?" nikauliza.

"Marufuku. Sheria inakataza kutanua miguu juu ya njia ya mpira."

"Na huo mkono wa juu, si uuegemeze kifuani utulie?" akasema jirani.

"Marufuku pia."

"Yezu wangu! Sheria nyingi kuliko ndoa."

Sasa kazi ikawa kuchagua fimbo. Ile fupi aliijua, amecheza nayo tangu ajifunze, lakini kwa mtindo huu ilimlazimu ajikunje mpaka mgongo ukamuuma, na mikono miwili ikabanana pale juu haina pa kuachana. Akijikunja hivyo mkono uliruka tena, si sana, lakini uliruka. Ile ndefu aliinunua kwa mchezaji mzee aliyestaafu. Ina kichwa kizito, na mkono wa juu na wa chini kila mmoja una mahali pake. Kwa fimbo hiyo hakuinama, na mkono haukuruka. Tulipiga makofi. Lakini mpira ulipita kando ya shimo kila mara, kushoto, kushoto, kushoto.

Akasema tatizo ni kwamba mpini wa ile ndefu umelala mno. Ukilala, kichwa kinakwenda mbali na mguu, na mpira nao unakuwa mbali, jicho linautazama kwa pembeni. Akasema neno ambalo nalikumbuka kama alivyolisema: "Laiti mpini huu ungesimama zaidi kidogo."

Shemeji alikuwa amekuja nyuma yetu kuona kelele za nini. Alisikia. Aliichukua ile fimbo, akafumba jicho moja, akaitazama kuanzia juu mpaka chini kama anavyotazama mpini wa jembe. Akairudisha.

Hapohapo ng'ombe mmoja akakanyaga ndani ya lile kopo, akaanguka kwa magoti. Jirani akapiga yowe. "Akivunjika mguu mtanipa nini? Mtaniletea mipira hiyo niikamue?" Tukamwinua, mzima. Siku ikaishia hapo.

Lazima nieleze jambo moja, la sivyo msomaji wa mbali atamwona shemeji yangu mtu mbaya. Kwao wahunzi, mgeni akilala nyumbani na chombo kibovu, huamka akakikuta kizima. Haulizwi. Kumwuliza ni kama kumwambia lete malipo. Unakitengeneza akiwa hayupo, unakirudisha palepale alipokiegemeza, na yeye akikiona anashukuru kwa macho tu. Baba mkwe wangu alifanya hivyo, mume wangu alifanya hivyo. Mimi mwenyewe nilipokuja kuolewa niliamka nikakuta jembe nililotoka nalo kwetu Rugu limekazwa na kunolewa, na sikujua ni nani mpaka nilipozeeka.

Jumapili tukaenda misani, mimi, mjukuu na jirani. Shemeji akasema goti linamuuma, atasalia nyumbani.

Tuliporudi fimbo zote mbili ziliegemea ukutani kama tulivyoziacha. Shemeji amekaa kwenye kigogo chake, anakunywa kidogo rubisi, pombe yetu ya ndizi, uso umetulia kama wa mtu aliyekwisha kula. Mjukuu hata nguo za kanisani hakubadili. Akaichukua ile ndefu akaenda malishoni, sisi nyuma yake.

Mpira wa kwanza ukaingia. Kopo likalia ko! Wa pili ukaingia. Akausogeza mbali, ukaingia. Akausogeza mbali zaidi, ukazunguka ukingo, ukaingia. Mkono ulikuwa umetulia kama maji ndani ya chungu. Jirani akapiga vigelegele ng'ombe wakakimbia. Mjukuu akageuka machozi yanamtoka. "Kaaka, hii ndiyo! Hii ndiyo fimbo yangu!"

Nami nililia. Nani asingelia?

Kisha akaiachia. Aliiachia tu ili ajifute machozi kwa kanga yangu. Na ile fimbo haikuanguka mara moja. Ilisimama yenyewe juu ya kichwa chake kizito, wima, kama mlingoti wa bendera, ndipo ikaanguka polepole.

Mjukuu akaacha kulia. Nilimwona rangi ikimtoka usoni. Akaiokota, akaisimamisha tena. Akatoa simu, ina kipimo ndani yake kama pimamaji ya mwashi, akaiweka kwenye mpini. Akaitazama. Akaitazama tena.

"Nani ameigusa?"

Shemeji alikuwa anakuja na tabasamu lake, mikono nyuma.

"Babu, ni wewe?"

"Ulisema inyooke kidogo. Nimeinyoosha kabisa."

Yule mtoto alikaa chini na gauni lake la kanisani, akashika kichwa. Nilidhani ni furaha imemzidi. Kumbe! Ndipo akatueleza. Sheria ya gofu inataka mpini wa fimbo ya kumalizia uiname angalau digrii kumi. Ukisimama wima, hiyo si fimbo tena, ni kosa, na ukikutwa nayo unatolewa mchezoni mbele ya watu.

Shemeji alibaki mdomo wazi. Katika miaka yote niliyomjua, tangu yeye ni kijana mwembamba wa kubeba mkaa, sijapata kumwona amepigwa na butwaa vile. Alinitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga sheria hiyo.

"Shemeji, umesikia? Tangu nizaliwe naona kilichopinda kikitupwa. Sheria gani hiyo inayokataza kitu kunyooka?"

Na mimi nilishangaa vilevile. Hata sasa nashangaa. Nikifikiri usiku, nasema, wale wakubwa wa gofu walikaa wapi wakakubaliana kwamba unyoofu ukizidi ni dhambi?

"Nani atapima?" jirani akasema. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ng'ombe watasikia. "Nenda nayo hivyohivyo, mwanangu. Inaingiza. Imekuponya mkono. Nani ataleta kipimo uwanjani?"

Tukamtazama mjukuu. Sitaficha, na mimi nilitaka aseme ndiyo. Niliona vile vigelegele, niliona yale machozi. Moyo wangu ulisema nenda, mtoto, nenda nayo.

Akakaa anang'oa majani.

"Mkono utajua," akasema. "Nikisimama pale na fimbo ya wizi, mkono utajua kabla yangu. Utaruka."

Basi zikabaki njia mbili. Achukue ile fupi, halali, ajikunje nayo na mkono uruke kidogo. Au ile ndefu irudishwe. Shemeji alikuwa ameikunja pale shingoni, mpini unapoingia kichwani, kwa moto mdogo na nyundo ya mti. Kuirudisha, akasema mwenyewe, ni kazi mbaya. Chuma kilichokunjwa kikikunjuliwa hukumbuka. Huenda kikakatika.

"Nimevunja mhoro wa askofu kwa namna hiyo," akasema.

"Askofu ana mhoro?" jirani akauliza.

"Alikuwa nao. Si nimekwambia niliuvunja?"

Hakuna aliyecheka. Shemeji akavua kofia. "Mjukuu wangu, sitaigusa mpaka wewe uniambie. Safari hii nauliza."

Kwa mhunzi wa nyumba ile, kusema neno hilo ni kama kuvua nguo. Nilitazama pembeni.

Mjukuu akasimama. "Irudishe, Babu. Lakini kichwa nakishika mimi."

Tukaenda kwenye mkaa, nyuma ya jiko langu. Shemeji akafukuta mpaka makaa yakawa mekundu, akaipitisha shingo ya fimbo juu yake kidogo tu, si kama jembe, kama mtu anayekausha karatasi. Mjukuu alikuwa ameshika kichwa kwa kitambaa kilicholowa, simu imefungwa kwenye mpini kwa kamba ya mgomba. Shemeji akakandamiza. Mjukuu akasema bado. Akakandamiza. Bado, Babu. Jirani alikuwa ameshika rozari. Mimi nilikuwa nimemshika jirani.

Pakalia kwaa!

Nilipiga kelele. Nasema kweli, nilidhani moyo umekatika pamoja na chuma. Jirani alidondosha rozari kwenye majivu. Shemeji alifumba macho akawa hataki kuyafumbua.

"Ni rangi," mjukuu akasema. "Ni rangi tu imepasuka. Endelea."

Nikautazama mkono wake. Moto uko hapo, nyundo iko hapo, sisi wote tunatetemeka kama kuku wa mvua, na mkono wake ulioshika kichwa cha fimbo ulikuwa umetulia. Nikastaajabu tena. Sikumwambia. Niliogopa nikisema utasikia, uanze kuruka.

"Basi," akasema. "Imefika. Imezidi kidogo. Inatosha."

Akaenda malishoni peke yake, tukamwacha. Tulisikia kopo likilia, halafu kimya, halafu likilia, halafu likilia. Halikulia kila mara kama mwanzo. Aliporudi akasema inakosa mara mojamoja, lakini inakosa kwa makosa yake yeye, si kwa kuruka. "Naenda na hii," akasema, na ile fupi akaiegemeza nyuma ya mlango wangu. "Hii kaa nayo wewe, Kaaka." Kesho yake alfajiri akapanda pikipiki, mfuko mgongoni.

Jumamosi ile sikulima, sikumenya. Shemeji, ambaye alipaswa kuwa amerudi Isingiro, alipata sababu ya kukaza tena majembe aliyokwisha kuyakaza. Jirani alileta maziwa ambayo sikuyaomba. Simu ikalia jua linapozama, nikaiweka sauti ya juu tusikie wote.

"Kaaka, wamepima!"



Akaeleza. Alipoanza kusukuma huku akilitazama shimo, wanawake wenzake walishangaa, mmoja akalalamika kwamba fimbo ile si halali na kusimama kule si halali. Msimamizi akaja, akasimamisha mchezo, akaleta kipimo chake cha chuma, akakiweka kwenye mpini mbele ya watu wote. Akatazama miguu yake pia. Akasema fimbo ni halali, miguu ni halali, endelea.

"Na mkono?" nikauliza.

"Haukuruka, Kaaka. Hata mara moja."

"Umechaguliwa?"

"Nimewekwa wa akiba. Mwenzangu mmoja akiugua, naenda mimi. Na Jumatatu nafundisha."

Jirani akaanza kuomba palepale kwamba mwenzake augue, mafua tu, si zaidi, nikamkanya. Shemeji alisogea karibu na simu. Alikuwa anageuza kofia mikononi.

"Mwulize," akasema mwisho, "kile kipimo cha msimamizi kilikuwa kimenyooka?"

Yule mtoto alicheka kwenye simu mpaka ikakatika.

Ndivyo ninavyokumbuka. Jirani anashikilia kwamba mpira wa kwanza wa Jumapili ulikosa na ni wa pili ulioanza kuingia. Mimi nasema yote iliingia, maana bado nalisikia lile kopo. Shemeji anasema hakuwa na rubisi mkononi tuliporudi misani, hilo nimwachie Mungu. Kama kuna mwingine aliyepita njia ya malishoni siku ile akaona vingine, asinung'unike barabarani. Aje hapa Ndama anisahihishe, tutakaa, nami nitamtajia majina yote ili tuwe tunazungumza juu ya watu walewale.